Mngindo hakuwa mzee

Kila ninapokwenda kutazama vijana wakiigiza *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, huwa nasubiri kikohozi. Kijana wa miaka 22 anapanda jukwaani na kaniki kiunoni, mkongojo mkononi, nywele zimepakwa unga ziwe mvi, na kabla hajatamka neno anakohoa. Kisha sauti inashukia kifuani, maneno yanavutwa, kila sentensi inageuka hotuba. Ukumbini watu wanapiga makofi, maana wameshaelewa: hii ni historia.

Mimi hapo huwa nimeshakasirika.

Vita vya Maji Maji, vya watu wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, Nandete, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Waliokuwa wakisukumwa mashambani na kuchapwa viboko chini ya maakida, wasimamizi wa serikali hiyo, walikuwa watu wa kazi, wenye migongo ya kuinama kutwa nzima. Tarehe 30 Agosti mwaka huohuo maelfu walilikimbilia boma la Mahenge huku bunduki za rashasha zikiwafyeka. Mtu wa mkongojo hafiki hapo. Kijana wetu wa miaka 22 angefika, na pengine angekuwa mstari wa mbele. Sasa kwa nini, tukimpa nafasi ya Mngindo au Mmatumbi, watu wa makabila yaliyopigana vita hivyo, jambo la kwanza analofanya ni kuutupa umri wake, ambao ndio kitu pekee anachokijua kuliko sisi watazamaji?

Nadhani tumewafundisha wenyewe. Tamthilia hii imesomwa miaka mingi madarasani, Tanzania na Kenya, kwa ajili ya mtihani: taja dhamira tatu, eleza wahusika, jadili kufaulu kwa mwandishi. Mhusika anayejadiliwa hivyo haoni njaa wala hana hasira. Ongeza na sherehe za mashujaa, mashada ya maua na hotuba, na kijana anapanda jukwaani akiwa tayari ni sanamu. Lakini Hussein mwenyewe alitupa ruhusa ya kuivunja hiyo sanamu. Kwenye utangulizi wake anasema wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, si nakala ya yule wa historia. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa dawa ya maji iliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Wa kwenye tamthilia anaishi hadi aone kushindwa. Mwandishi amechukua uhuru mkubwa namna hiyo, halafu mwigizaji anaogopa hata kutembea kama anavyotembea yeye!

Kuvaa uhusika wa mtu wa zamani kuna ugumu mmoja ambao maleba hayawezi kuutatua. Sisi tulioketi tunajua risasi hazikugeuka maji. Mwigizaji naye anajua tangu sekondari. Kwa hiyo maji yakiletwa, anayapokea kwa uso wa msiba, anatutazama sisi kana kwamba anaomba radhi kwa ujinga wa babu yake. Hilo ni kosa kubwa kuliko mkongojo. Mmatumbi wa 1905 hajui mwisho wa hadithi. Mtu huyu jana tu alikuwa akimshuku jirani yake wa kabila jingine, pamba imemla nguvu, shamba lake mwenyewe limeota majani, na leo anaambiwa iko dawa, na walioinywa ni wengi, tena hata wale aliokuwa hawaamini wamo. Afurahi! Arukeruke, amkumbatie Mngindo, acheke kwa sauti. Kadiri anavyofurahi yeye ndivyo sisi tunavyoumia, na machozi hayo ni kazi yetu, si yake.

Niliwahi kukaa nyuma ya mazoezi ya kikundi kimoja cha vijana, na aliyepewa Kinjeketile alikuwa na tatizo la kinyume chake. Alikuwa na uhakika mno. Tangu anatoka mtoni, nguo kavu, hadi pingu za mwisho, sauti ilikuwa ileile ya nabii. Ila mwenye mashaka makubwa kuliko wote katika tamthilia ni Kinjeketile. Aliposhikwa na Hongo, yule pepo wa mtoni, alitamka kwamba baada ya Wajerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said, na alipozinduka akaelezwa maneno yake mwenyewe, akashtuka: tunaondoa bwana mmoja ili tumpate mwingine? Hapo anajikuta na neno alilolizaa na asiloweza kulirudisha, na watu wako nje wanashangilia. Kijana yeyote aliyewahi kusifiwa mtaani kwa jambo ambalo mwenyewe halielewi anaweza kuicheza hali hiyo vizuri kuliko mzee wa miaka 60. Mwongozaji akamwambia aseme ile sehemu kama mtu anayetafuta mahali pa kutokea. Mara ya kwanza ilikuwa mbaya. Ya pili hata mafundi wa taa waliacha kupiga soga.

Kuna na hili la askari. Nafasi hiyo hupewa yule mchekeshaji wa darasa, naye anatutolea kitumbo cha mto, Kiswahili cha kuvunjikavunjika na kofi la kuchekesha. Ukumbi unaanguka kwa vicheko. Lakini jeshi la Wajerumani hapa lilikuwa na maafisa wachache wa Kizungu na askari wengi weusi: Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema, watu wenye mishahara na bunduki na sababu zao. Kijana akimcheza askari kama mtu mwenye akili timamu, anayejua kabisa anachokifanya na kurudi jioni kula na watoto wake, hakuna atakayecheka. Labda ndiyo maana tunapenda awe kichekesho.

Kuhusu sauti sitasema mengi. Waliozoea kuigiza mbele ya kamera wananong'ona, na mstari wa nyuma umelipa kiingilio uleule.

Ninachokidai kwa nguvu zaidi ni onyesho la mwanzo, lile la wanawake wakizungumzia njaa. Linakatwa mara kwa mara ili mchezo uwe mfupi na tufike haraka kwenye mikuki. Wakati makadirio ya waliokufa katika vita hivi yanaanzia watu 75,000 na mengine kufika 250,000 na zaidi, na wengi wao waliuawa na njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Yaani kile wanachokizungumza wale wanawake ndicho hasa kilichokuja kuua. Wasichana wanaopewa nafasi hizo huambiwa ni nafasi ndogo, basi wanazisema harakaharaka, mikono kiunoni, kama mashoga wa kibarazani. Nafasi ya Bi Kitunda, mmoja wa wanawake hao, mpeni binti anayejua kupiga pasi ndefu mwezi ukiwa katikati, anayejua sufuria likikwanguliwa linatoa mlio gani, na msimharakishe. Dakika zikipungua, kateni ngoma ya kufungulia na hotuba ya mgeni rasmi.