GB 8 au GB 16? Swali la msingi kwa anayebadilisha kadi ya grafiki ya daraja la kati

Mwezi Aprili 2025 kampuni ya Nvidia ilianza kuuza kadi yake ya grafiki ya daraja la kati (kifaa kinachochora picha za gemu kwenye kompyuta), RTX 5060 Ti, katika matoleo mawili yanayotofautiana kwa jambo moja tu: la kwanza lina kumbukumbu ya GB 8 na lilitangazwa kwa dola 379 za Marekani, la pili lina GB 16 na lilitangazwa kwa dola 429. Mwezi Juni mshindani wake, AMD, ikaleta RX 9060 XT, nayo ikafuata mkondo uleule, GB 8 kwa dola 299 na GB 16 kwa dola 349. Chipu ni ileile, jina ni lilelile, na tofauti ya bei ni dola 50. Kwa mchezaji anayetaka kuachana na kadi za zamani za Nvidia, GTX 1060 ya mwaka 2016 au GTX 1660 Super ya mwaka 2019, naona uamuzi juu ya dola hizo 50 una uzito kuliko ule ubishi wa siku zote wa Nvidia na AMD, na ndiyo maana nauanza huo.

Wanaotetea GB 8 wana hoja, na si haki kuzipuuza. Frank Azor wa AMD alisema hadharani mwezi Mei 2025 kwamba wachezaji wengi bado wanatumia skrini za 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) na hawana haja ya zaidi ya GB 8, na kwamba gemu zinazochezwa zaidi duniani ni zile za mashindano. Alikuwa anauza bidhaa yake, lakini takwimu za watumiaji wa Steam, duka la gemu la mtandaoni, zinamuunga mkono katika sehemu ya kwanza, kwa kuwa zaidi ya nusu yao bado wako kwenye 1080p. Kuhusu gemu za mashindano pia hakukosea. Anayecheza Counter-Strike 2, Valorant, Dota 2 au Fortnite, na ambaye kwa kawaida hushusha ubora wa picha ili apate fremu (picha) nyingi kwa sekunde, hataigusa GB ya tisa; mara nyingi kinachomzuia huwa ni prosesa. Mtu kama huyo akizielekeza dola 50 kwenye RAM (kumbukumbu ya kompyuta yenyewe) ya kutosha au SSD (diski ya kasi), atakuwa amezitumia vizuri zaidi.

Hoja ya bei nayo ina nguvu, hasa kwetu. Bei zinazotangazwa Marekani hazina kodi ya mauzo ndani yake, wala usafirishaji, wala faida ya muuzaji wa Dar es Salaam au Nairobi, na juu ya hayo yote kuna VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Pengo la dola 50 huongezeka njiani. Isitoshe, tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda sana kutokana na mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba, na kadi yenye kumbukumbu maradufu ndiyo iliyo wazi zaidi kwa ongezeko hilo. Bei za uzinduzi nilizozitaja zichukuliwe kama kipimo cha kulinganishia tu.

Pamoja na hayo, upande wa GB 16 unanishawishi zaidi, na sababu yake imo katika namna gemu za sasa zinavyotengenezwa. PlayStation 5 na Xbox Series X, zilizotoka Novemba 2020, kila moja ina GB 16 za kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na prosesa na grafiki. Watengenezaji wa gemu kubwa wamezoea nafasi hiyo, na gemu zao zinapohamishiwa kwenye PC huja na mzigo wake. The Last of Us Part I ilipofika kwenye PC mwezi Machi 2023, wenye kadi za GB 8 walilazimika kuchagua kati ya tekscha duni na mikwamo ya mara kwa mara. Masahihisho yaliyofuata yalipunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, na watetezi wa GB 8 hulitumia jambo hilo kama ushahidi kwamba kosa lilikuwa la watengenezaji. Huenda wako sahihi kuhusu gemu ile moja. Hata hivyo, mnunuzi hanunui kadi kwa matumaini kwamba kila studio itarudi kurekebisha kazi yake, na Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 ilionyesha hali ileile: ukizidisha kiwango cha tekscha kwenye kadi ya GB 8, kasi huporomoka.

Tekscha, yaani picha zinazofunika kuta, nguo, ardhi na nyuso za wahusika, zina sifa moja ambayo kwa mwenye bajeti ya kati ni neema. Kuziweka katika ubora wa juu hakuichoshi sana chipu ya grafiki. Kinachohitajika ni nafasi ya kuzihifadhi. Vivuli na miale ya mwanga (ray tracing) huila nguvu ya chipu, ambayo kadi ya daraja la kati haina nyingi, lakini tekscha nzuri hupatikana karibu bure mradi kumbukumbu ipo. Kwa hiyo kadi ya kati yenye GB 16 inaweza kuonyesha kuta na nyuso zilezile zinazoonekana kwenye kadi ya bei mara tatu, wakati pacha wake wa GB 8, mwenye nguvu ileile ya kukokotoa, analazimika kuzishusha.

Kumbukumbu ya kadi ikijaa, data iliyozidi huhamia kwenye RAM ya kompyuta na kulazimika kupita katika njia za PCIe, yaani zile zinazounganisha kadi na ubao mama, na hapa ndipo ninapoona jambo ambalo halisemwi vya kutosha. RTX 5060 Ti husoma kumbukumbu yake kwa kasi ya GB 448 kwa sekunde, lakini inatumia njia 8 tu za PCIe. Kwenye ubao mama wa kisasa wa PCIe 5.0 njia hizo 8 hupitisha takriban GB 32 kwa sekunde, jambo linalopunguza maumivu. Kwenye ubao wa PCIe 3.0, kama B450 wa AMD au mashine za Intel za hadi kizazi cha 10, njia hizohizo hupitisha takriban GB 8 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara hamsini chini ya kasi ya kumbukumbu ya kadi yenyewe. Sasa tujiulize ni nani anayenunua toleo la bei nafuu. Kwa kawaida ni yule mwenye mashine ya zamani, anayebadilisha kadi peke yake kwa sababu hana fedha za kubadilisha vyote. Toleo linalodaiwa kutengenezwa kwa ajili yake ndilo linaloumia zaidi ndani ya kompyuta yake. RX 9060 XT inatumia njia 16, na kwa mwenye ubao wa zamani hiyo ni faida ya kweli ambayo majedwali ya ulinganisho, yanayoandaliwa karibu yote kwenye mashine mpya, hayaionyeshi.

Majedwali hayo yana upungufu mwingine. Wastani wa fremu kwa sekunde unaweza kuonekana mzuri huku mchezo ukikwama kila baada ya muda mfupi, na baadhi ya gemu hupunguza tekscha kimyakimya kumbukumbu ikijaa, hivyo namba inabaki juu lakini picha imeharibika. Ni vyema pia kukumbuka kwamba toleo la GB 8 la RTX 5060 Ti halikutumwa kwa wachambuzi wengi kabla ya siku ya kuanza kuuzwa. Kampuni inayoamini bidhaa yake ingeitanguliza ipimwe, na naliona hilo kuwa ushahidi usiopaswa kupuuzwa.

Teknolojia ya kuzalisha fremu hailimalizi tatizo hili, ingawa hutangazwa kana kwamba inalimaliza. Januari 2025 Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, alitangaza jukwaani kwamba RTX 5070 ya dola 549 ingetoa utendaji wa RTX 4090, na dai hilo lilitegemea DLSS 4, teknolojia ya Nvidia ambayo kwa kila fremu iliyochorwa kweli huweza kuongeza hadi tatu za kubuniwa. Skrini huonekana laini zaidi, lakini mkono wa mchezaji bado unaitikiwa kwa kasi ya fremu za kweli, na gemu inayokwenda kwa fremu 30 hubaki nzito kuiongoza. Zaidi ya hayo, uzalishaji wa fremu wenyewe unahitaji kumbukumbu, kwa hiyo kadi iliyojaa ndiyo isiyofaidika nao.

Mnunuzi akishafika kwenye GB 16, uchaguzi kati ya kampuni mbili unakuwa mwepesi zaidi. RTX 5060 Ti iko mbele kwa asilimia chache katika gemu za kawaida na zaidi kidogo pale miale ya mwanga inapohusika, na DLSS inapatikana katika gemu nyingi kuliko mpinzani wake. FSR 4, teknolojia ya AMD inayoshindana na DLSS, iliyoanza na kadi zake za mwaka 2025, imeziba sehemu kubwa ya pengo la ubora wa picha, ila orodha ya gemu zake ni fupi kuliko ya DLSS. Kwa anayetumia Blender (programu ya kutengeneza picha za 3D) au programu zinazotegemea CUDA, mfumo wa Nvidia wa kukokotoa kwa kadi ya grafiki, ningesema alipe nyongeza ya Nvidia bila kusita. Kwa anayecheza tu, hasa kwenye ubao wa PCIe 3.0, RX 9060 XT ya GB 16 ndiyo ninayoiona yenye thamani zaidi.

Kuna mazingira ambamo hakuna kati ya kadi hizi inayofaa. Kompyuta nyingi zinazouzwa mijini kwetu ni mashine za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, na zile zenye kasha jembamba hupokea kadi za kimo kifupi tu na huwa na pawa saplai ndogo ya umbo la pekee, isiyo na waya wa kulisha kadi. AMD inapendekeza pawa saplai ya wati 450 kwa RX 9060 XT, na Nvidia wati 600 kwa RTX 5060 Ti. Mwenye mashine ya namna hiyo aanze na kasha na pawa saplai, la sivyo kadi itabaki kwenye boksi lake. Arc B580 ya Intel, iliyotoka Desemba 2024 ikiwa na GB 12 kwa dola 249, ingeonekana kuwa jibu la bei nafuu, lakini inahitaji Resizable BAR (mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja), na mapema mwaka 2025 ilibainika kwamba hupoteza kasi kubwa ikiunganishwa na prosesa za zamani.

Inabaki njia ya mtumba. RTX 3060 ya GB 12 na RX 6700 XT, pia ya GB 12, zote za mwaka 2021, bado zinafanya kazi vizuri kwenye 1080p, na zote mbili zina njia 16 za PCIe. Nyingi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali hadi sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kwa hiyo ni lazima zijaribiwe kwa gemu nzito mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, maana waranti kwa kawaida imekwisha. GTX 1080 Ti nayo ina GB 11 na huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini haina vifaa vya kuchakata miale ya mwanga, ambavyo Indiana Jones na Doom: The Dark Ages huvidai kama sharti. Mwenye bajeti ya mtumba anayetaka gemu mpya achague kadi ya RTX, au ya AMD kuanzia RX 6000, yenye GB 12.