Mdogo Wangu Alilinda Ndala

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mtoto wa jirani kwenye mechi ya kikapu, kwenye sekondari moja hapa Saint Paul, Minnesota. Kijana ana ulemavu wa akili. Dakika za mwanzo tu akapoteza mpira, akabaki amesimama anautazama unavyokwenda. Kocha akamfokea, ukumbi mzima ukasikia: "Rudi nyuma! Kaba!" Nusura niinuke nimtetee. Yeye akakimbia, akakaba.

Wiki nzima sauti ile haijanitoka masikioni, maana mdogo wangu, mwenye ulemavu wa akili kama kijana huyu, hajawahi kufokewa uwanjani. Kule Makorora, Tanga, tulipokuwa tukicheza chandimu, mpira wa miguu wa mtaani, kazi yake ilikuwa kulinda ndala. Jioni zote, miaka yote. Tulimpenda. Aliyemwita taahira alikiona, mimi mwenyewe nimepigana kwa ajili yake. Ila hakuna siku mtu alimwambia, "Leo unacheza namba tatu." Huruma yetu ndiyo iliyomweka pembeni.

Najua mtasema: kaonja theluji mara mbili, sasa anatufundisha kulea. Sivyo. Mdogo wangu akipotea soko la Mgandini, kabla ya adhuhuri kuna mtu keshamshika mkono kamrudisha nyumbani, tena kamnunulia na muhogo. Huyu kijana wa hapa, majirani wa ghorofa yao hata jina lake hawalijui. Katika hilo sibadilishani na mtu.

"Wenzetu wana hela." Hoja hii ndiyo inayonichosha. Katika kikapu hiki cha kuchanganya cha Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, kwenye watano walio uwanjani, watatu wana ulemavu wa akili na wawili hawana. Hesabu hiyo ni shilingi ngapi? Kwenye mbio, wanapimwa kwanza kwa saa, kisha wenye kasi inayokaribiana wanapangwa pamoja, ili anayeshinda awe ameshinda kweli. Saa hiyo walimu wetu wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, wanayo shingoni.

Wala Wamarekani hawakuzaliwa na moyo huu. Rosemary Kennedy, mdogo wake Rais John F. Kennedy, naye mwenye ulemavu wa akili, alipasuliwa ubongo mwaka 1941, akatoka hawezi kutembea wala kusema vizuri, na familia ikamficha miaka mingi. Ndugu yao, Eunice Kennedy Shriver, ndiye aliyefungua kambi ya michezo mwaka 1962, nyumbani kwake Maryland, kwenye majani ya uwanja wake mwenyewe. Julai 1968 michezo ya kwanza ya Special Olympics ikafanyika Chicago. Ukoo wenye mali yote ile ulianzia uani. Nyua tunazo.

Atatokea wa kunikumbusha kwamba Tanzania michezo hiyo ipo. Ipo, na walimu wa vitengo vya elimu maalumu wanaoibeba wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Lakini mtaani je? Mtoto akishatoka shule? Mdogo wangu ana miaka 31. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, lakini sheria haipangi timu saa kumi jioni. Anayepanga ni nahodha wa mtaa, na nahodha wa Makorora wakati ule nilikuwa mimi. Nalisema hili kwa uchungu, msidhani nawanyooshea ninyi kidole.

"Basi rudi uanzishe." Nakuja mwezi wa saba. Nimeshaongea na vijana wa pale, wawili wakaniambia, "Kaka, ataumia." Sasa akiumia? Mimi nimevunjika kidole kwenye uwanja ule ule, mama akanikanda kwa maji ya moto, na baada ya wiki chache nikarudi kucheza. Hakuna aliyeniambia nikalinde ndala.

Namba tatu ni yake. Ndala ziwekwe chini ya mwembe, zikae zenyewe.