Mche mfupi wa juani unadharauliwa bure

Nasari nyingi za Ukambani, mashariki mwa Kenya, miche ya mukau (mti wa mbao wa maeneo makavu) na mgunga inakaa chini ya neti nyeusi, viriba vimejaa samadi, majani yamestawi, na mnunuzi akija anachagua ule mrefu. Wenye nasari wana sababu, tena nzito. Mbegu ya mukau ni kazi, unapasua kokwa, unachana ganda la ndani taratibu, unaotesha kwa mchanga, sasa kamche kakitoka tu kakutane na jua la Kitui, kanaungua shingo. Kivuli cha mwanzo hapo hatubishani. Samadi pia inahitajika, mchanga mtupu haushiki maji wala hauna chakula.

Shida ni kivuli kinapoachwa mpaka siku ya kuuza. Mche unarefuka kutafuta mwanga, shina jembamba, majani laini, mizizi haba. Samadi ikizidi ndo kabisa, nguvu yote inaenda kwenye majani, na mgunga, unaopata naitrojeni kupitia bakteria wa mizizini, ukiulisha hivyo unatoa vinundu vichache vya kuwaweka bakteria hao. Udongo wa mfinyanzi nao unatuamisha maji na mukau unaoza.

Sasa fikiria huo mche mrefu umepandwa Novemba kwa mvua za vuli, watu wamepiga picha wameenda, Januari mvua imekatika, majani yale mapana yanaendelea kupoteza maji kila mchana na mizizi bado iko kwenye kale kaudongo ka kiriba kalikokauka zamani, itanywa nini? Ule uliokuzwa kwa udongo wa msituni, mchanga wa mto wa kutosha na samadi kiasi, ukatolewa kivulini polepole na kupunguziwa maji wiki za mwisho, hauvutii macho lakini shina limekomaa na mizizi inateremka mapema kufuata unyevu. Sisemi kila mfupi ni mzuri, kuna uliodumaa kwa udongo mgumu, mizizi ikajikunja ndani ya kiriba, huo achana nao.

Kenya inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na mche uliokufa Februari si mti hata kama ulihesabiwa Novemba. Mwenye nasari hawezi kubadilika peke yake wakati bei inafuata urefu. Mimi ningeanza na mnunuzi, hasa anayenunua maelfu: aulize mche umetoka kwenye neti lini, ashike shina, apasue kiriba kimoja aone mizizi, na kwa mche mfupi uliokomaa hivyo akubali kulipa zaidi.