Firigisi Yangu Iko Wapi?

Jana asubuhi mwanangu wa miaka minne kasusa chai, eti imetiwa kwenye kikombe cha bluu. Yeye hunywea chekundu. Akavuta mdomo, akaugeukia ukuta, machozi hata hayajatoka vizuri nyumba nzima inambembeleza: mama yake, dada wa kazi, mpaka bibi yake mwenye magoti mabovu kachuchumaa. Kikombe chekundu kikaoshwa, chai ikahamishwa. Akanywa mafunda mawili, huyoo, kaenda kucheza.

Sasa njoo kwangu. Jioni kachinjwa kuku. Naletewa bakuli, nakoroga mchuzi: paja, shingo, firigisi hamna. Firigisi, ya baba mwenye nyumba! Kutupa jicho kwa shemeji, shavu limemtuna, anatafuna kitu kigumugumu huku macho kwenye taarifa ya habari. Nikaweka kijiko chini.

"Mimi sina njaa."

Hapo nimesusa. Wala msichanganye na kununa, maana mtu anaweza kununa huku anakula. Kususa ni uache kitu unachokitaka, na awepo wa kukubembeleza. Asipokuwepo, hiyo ni njaa tu.

Nikasubiri. Mama yangu mzazi, bila kuinua macho kwenye sahani: "Ukisusa, wenzio twala." Dada akalisogeza bakuli langu katikati.

Kinachoniuma, wakubwa wakifanya hivihivi wanaheshimiwa. Ongeza herufi moja tu, iwe kususia, unatoka gazetini. 2014 wapinzani wa UKAWA walisusia Bunge Maalumu la Katiba pale Dodoma. 2016 chama cha CUF nacho kikasusia uchaguzi wa marudio Zanzibar. Basi nami nikasimama, nikatangaza kwamba nasusia kikao. Mke wangu akahesabu vichwa mkekani.

"Akidi imetimia," akasema. "Tunaendelea."

Nikaenda kukaa barazani na mbu. (Sina ubaya na shemeji, ila hii ni wiki ya tatu.) Wali wa nazi unanukia mpaka nje, nasikia ukoko unakwanguliwa. Wachaga wana supu yao ya mbuzi yenye damu, wanaiita kisusio. Kwa njaa ile ningeinywa na jina lake.

Mara mlango ukalia. Mwanangu, kikombe chekundu mkononi. Akakaa kando yangu, akanitazama kwa huruma ya mtu mzima.

"Baba, na wewe wamekupa cha bluu?"