Kibaya chajitembeza: Nigeria na hii homa ya taswira

Miaka kama sita iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya uhamiaji, uwanja mmoja wa ndege huko Ulaya sitautaja, mbele yangu kasimama jamaa wa Kinigeria, mtu mzima, suti imenyooka, kiatu kinang'aa, mkono mmoja pasi ya kijani mkono mwingine faili la plastiki la vifungo. Faili lenyewe limevimba. Zamu yake ilipofika yule ofisa akaifungua pasi, akaipinda, akaimulika kwenye taa, akainusa (sitanii, aliinusa), alafu akamwita mwenzake. Mzee wa watu akaanza kutoa karatasi moja moja: barua ya mwaliko, statimenti ya benki ya miezi sita, hoteli, tiketi ya kurudi, barua ya mwajiri, cheti cha ndoa, na mwishoni kabisa akatoa picha za watoto wake wakiwa na sare za shule. Picha za watoto! Anamthibitishia kijana wa miaka ishirini na kitu kwamba ana sababu ya kurudi kwao. Wakamtoa pembeni. Nikaja mimi, viza yenyewe ni ile ile, dakika mbili nimegongewa muhuri sijaulizwa hata nitalala wapi, na nakiri hapa kwa aibu, nilijisikia fahari kidogo. Nikasema kimoyomoyo, afadhali sisi.

Huku Bongo Wanigeria tunawaita mapopo na ukilitaja hilo jina tu mtu anajua stori inakoelekea: unga, dada wa watu kapigwa hela mtandaoni na "injinia wa mafuta" aliyekwama sijui wapi, mchungaji wa miujiza. Ukikaa saluni ukasema umepata mchumba Mnigeria dryer zote zinazimwa watu wakusikilize. Na hao wanaocheka, simu ikiita ni wimbo wa Mnigeria, harusini kwao kaswida zikiisha anapigwa Davido, na mama zao wamekua na Aki na Pawpaw, wale wachekeshaji wa filamu za Kinigeria. Sasa mimi swali langu siku zote ni hili, nchi moja inawezaje kupendwa na kuogopwa na watu wale wale kwa wakati mmoja, na kwa nini serikali yao kila ikitaka kurekebisha hilo inaishia kuchekesha.

Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nigeria ni ushahidi wa pande zote mbili.

Mchukulie marehemu Dora Akunyili. Huyu mama alikuwa mfamasia, dada yake mgonjwa wa sukari alifariki baada ya kuchomwa insulini feki, na mwaka 2001 akapewa NAFDAC, mamlaka yao ya chakula na dawa, kama TMDA ya kwetu tuseme. Alichofanya pale kila mtu anajua, alivamia masoko, akachoma dawa feki hadharani, akafunga maduka ya watu wenye hela mpaka Desemba 2003 watu wenye silaha wakampiga risasi akiwa kwenye gari, risasi ikapita kwenye kilemba ikamkwaruza kichwa. Akapona, akarudi kazini. Ukiuliza nani aliipa Nigeria jina zuri miaka ile mimi nitakwambia ni yule mama na kilemba chake kilichotobolewa, na wala hakuwa na kampeni ya kuitangaza nchi.

Alafu wakamfanya waziri wa habari. Mwaka 2009 akazindua kampeni ya kuisafisha nchi, kaulimbiu yake ukiitia Kiswahili ni kama "watu wema, taifa kubwa", nembo ikachorwa, hotuba zikatolewa. Mwaka ule ule Sony wakatoa tangazo la PlayStation linalowatania Wanigeria kuhusu utapeli wa intaneti, ikabidi waliondoe na kuomba radhi, ikaja filamu moja ya viumbe wa angani huko Johannesburg yenye genge la Wanigeria na bosi wao kapewa jina linalokaribiana sana na la rais mstaafu Obasanjo, mama akataka isionyeshwe kwenye kumbi za Nigeria. Na mwaka ukafungwa na Umar Farouk Abdulmutallab, 25 Desemba, ndani ya ndege inayoelekea Detroit na bomu kwenye chupi. Kampeni gani itashindana na hiyo bana. Mtu yule yule, mama yule yule shupavu, alipopambana na dawa feki jina la nchi lilipanda, alipopewa kazi ya kulipandisha jina lenyewe kama jina, akawa anakimbizana na matangazo ya gemu.

Hapo ndo nikaelewa kitu, kwamba jina linafuata kazi sio tangazo, na sijaona Abuja, yaani serikali yao, wakikielewa mpaka leo.

Tuje karibuni. 31 Oktoba 2025 Trump anaiweka Nigeria kwenye orodha ya nchi zenye tatizo kubwa la uhuru wa dini, kesho yake anatishia kuingiza jeshi, anasema Wakristo wanauawa. Kelele zikawa nyingi na mimi nitasema ninavyoona: kuuawa wanauawa kweli, Juni 2025 kule Yelwata jimbo la Benue watu zaidi ya mia waliuawa usiku mmoja, wakulima, wakimbizi, Wakristo wengi wao. Lakini nenda Zamfara na Katsina ukaone wanaotekwa na majambazi na kuchomewa vijiji, wengi wao ni Waislamu, na Boko Haram tangu walipolipuka Maiduguri mwaka 2009 wameua waumini misikitini bila kuuliza. Kwahiyo Washington wamechukua jeraha kubwa wakalitazama kwa jicho moja. Sawa. Ila jibu la Abuja je? Jibu likawa nchi yetu inachafuliwa, mnatuchora vibaya, sisi ni watu wa kuvumiliana. (Msemo wa "kuchafua taswira ya nchi" sisi wenyewe huku tunaujua vizuri, tusijifanye wageni.)

Na nani alikuwepo akawasemee huko Washington? Hamna mtu. Septemba 2023 Rais Tinubu aliwarudisha nyumbani mabalozi wote, dunia nzima, ukiacha wawakilishi wa Umoja wa Mataifa tu, na zaidi ya miaka miwili ikapita bila kupeleka wengine. Nchi ya watu zaidi ya milioni 200, inayotaka kiti cha kudumu Baraza la Usalama, balozi zake zikaendeshwa na makaimu. Majina mapya yalipelekwa Seneti Novemba 2025, moto ukiwa umeshashika paa. Mwezi huo huo wanafunzi wakatekwa Maga kule Kebbi, siku chache baadae zaidi ya 300 na walimu wao kwenye shule ya Kikatoliki ya Papiri, jimbo la Niger, miaka kumi na moja baada ya kutekwa wasichana 276 wa Chibok. Ndipo rais akatangaza hali ya dharura ya usalama na kuamuru polisi waondolewe kwenye kulinda vigogo warudi kulinda raia. Yaani polisi walikuwepo! Walikuwa wanabeba mikoba ya wake za wakubwa, na ilibidi mtu wa Washington apige kelele ndo wakumbukwe. Krismasi Marekani ikarusha makombora Sokoto, serikali ya Nigeria ikasema tulishirikiana, alafu Januari zikatoka taarifa za mkataba wa dola milioni 9 na kampuni ya ushawishi huko huko Washington ili iwaeleze Wamarekani jinsi Nigeria inavyowalinda Wakristo. Dola milioni 9. Shule ya Papiri ingepata ukuta, geti, na mlinzi mwenye bunduki kwa miaka mingapi hapo?

Najua mtu atasema unawaonea, hata hao wazungu wana unafiki wao. Wanao, tena mkubwa. Mei 2016 David Cameron alinaswa na kamera akimwambia Malkia kwamba viongozi wa Nigeria, nchi yenye rushwa ya kutisha, wanakuja London kwenye mkutano wa rushwa. Buhari, rais wa Nigeria wakati ule, alipoulizwa kama anataka kuombwa radhi akasema hapana, radhi haimsaidii kitu, yeye anataka mali zilizofichwa Uingereza zirudi. Jibu tamu kuliko yote aliyowahi kutoa yule mzee, sijui kama kuna lingine. Kwa sababu kweli hela ya kuibiwa hailali chini ya godoro Lagos, James Ibori gavana wa Delta alihukumiwa London mwaka 2012 na nyumba zake zilikuwa London, hela za Abacha, dikteta wao wa zamani, Uswisi peke yake wakarudisha zaidi ya dola milioni 320 mwaka 2017 na hizo ni baadhi tu. Mwizi ana sifa mbaya, anayempangishia mwizi ghala ana sifa ya benki. Lakini Buhari huyo huyo alikuwa anatibiwa London muda wote wa urais wake, na Julai 2025 akafia London. Sasa tangazo gani la nchi litafuta hilo, kwamba rais wa miaka minane hakuacha hospitali moja nyumbani anayoweza kulala yeye?

Turudi kwenye kizuri kinachojiuza. Nollywood, yaani filamu zao, tangu mwanzoni mwa miaka ya 90 ilitengenezwa na wafanyabiashara wa kanda za video, serikali haikujua kinachoendelea. Sebuleni kwetu CD za kukodi zilizunguka nyumba nne, mama anatuambia funikeni macho hapo mganga anapochinja, mtu kamtoa mkewe kafara hela zinamwagika kabatini, na tulikua tukiamini Nigeria yote ni majumba meupe yenye ngazi mbili na mama mkwe mmoja anaitwa Patience Ozokwor. Ndiyo, filamu zenyewe ziliwachafua pia, uchawi mwingi mno. Ila tuliwapenda, Kanumba wetu akaenda kucheza nao akina Mercy Johnson na tukajiona tumefika. Muziki ndo usiseme, Burna Boy kachukua Grammy 2021 akitokea Port Harcourt mji ambao moshi wa mafuta unaacha masizi kwenye nguo zilizoanikwa. Dangote kafungua saruji mpaka Mtwara kwetu, na Lekki, huko Lagos, kajenga kiwanda cha kusafisha mapipa 650,000 ya mafuta kwa siku, na bado alisimama Kigali 2024 akalalamika kwamba yeye, tajiri namba moja Afrika, anahitaji viza 35 kuzunguka bara lake wakati mwenzake wa Ulaya aliyekaa naye jukwaani anapita kiulaini. Soyinka, yule mwandishi wa Nobeli ya 1986, uzee wote ule, mwaka 2025 Marekani wakamfutia viza.

Unaona ilivyo? Wanaoibeba nchi wanasimamishwa kwenye foleni ile ile ya faili la plastiki. Kosa la wachache linalipwa na wote, na wanaolipa kidogo kuliko wote ni wenye pasi za kidiplomasia.

Kitu kingine kinachonikera ni hii tabia ya viongozi wao kuwakasirikia Wanigeria wanaosema. Kemi Badenoch, kazaliwa London kakulia Lagos, sasa anaongoza chama cha Conservative cha Uingereza, alipoisema vibaya Nigeria Makamu wa Rais Shettima akamjibu kwamba ana ruhusa kuliondoa hilo Kemi kwenye jina lake. Mimi huyo mama simpendi hata kidogo, anawauzia Waingereza stori wanazotaka kuzisikia. Lakini kijana wa Lagos anaposema nchi imemshinda anasema kwa hesabu. Mei 2023 ruzuku ya petroli ikafutwa kwa sentensi moja siku ya kuapishwa, lita kutoka chini ya naira 200 ikavuka 1,000 mwaka uliofuata, dola kutoka naira kama 460 mpaka 1,500 na kitu, kima cha chini kikapandishwa mpaka 70,000 ambayo wakati ule ukiibadilisha haikufika dola 50. Wana neno lao la Kiyoruba, japa, yaani chomoka, timua. Nesi anajapa, daktari anajapa, mtu wa benki anajapa. Na wale waliosimama Lekki na bendera Oktoba 2020 kupinga SARS, kikosi cha polisi, wakapigwa risasi, waliichafulia nchi nini? Mimi ile picha ya vijana wamekaa chini wanaimba wimbo wa taifa ndiyo siku niliyoiheshimu Nigeria kuliko siku zote. Hawa wanaotukana serikali yao kwa ucheshi asubuhi mpaka jioni ndo mtaji wao mkubwa, sisi wengine tunanong'ona.

Na majirani nao wana kumbukumbu. Lile begi la plastiki la viboksi ambalo sisi tunaliita shangazi kaja, wao linaitwa Ghana Must Go, kwa sababu mwaka 1983 Nigeria iliwafukuza wahamiaji zaidi ya milioni moja, wengi wao Waghana, wakafungasha humo. Julai 2025 watu wakaandamana Accra wakitaka Wanigeria nao waondoke. Begi ni lile lile.

Nilisema nilijisikia fahari kwenye ile foleni. Basi 16 Desemba 2025 Trump kasaini tangazo jipya la kubana viza, kuanzia 1 Januari 2026, nchi kumi na tano zimeongezwa kwenye kundi la kubanwa nusu, nikaisoma ile orodha taratibu kwa mpangilio wa alfabeti. Nigeria. Senegali. Tanzania.

Wiki iliyopita nilikuwa na safari ya kuomba viza ya nchi nyingine kabisa, wala sio Marekani, lakini nikajikuta nimeingia steshenari ya hapa Sinza nimenunua faili la plastiki la vifungo, elfu mbili. Kijana wa duka ananitolea kopi, statimenti, barua ya kazini, hati ya nyumba ya mzee, akafika mwisho akasita kidogo akaniuliza, "Bro, na hii picha ya watoto nayo nitoe?"

Toa, nikamwambia. Ya rangi.