Nani anaaminiwa akisema "huyu ni mume wangu"

Kwetu Zanzibar hakuna aliyewahi kuniomba karatasi ya kuthibitisha kwamba mume wangu ni mume wangu. Ndoa ilifungwa baada ya sala ya alasiri katika msikiti wa mtaani, watu wakala biriani, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukawa shahidi. Nikitaka barua nakwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, naye anaiandika bila maswali mengi kwa kuwa kwenye shughuli alikuwepo.

Kisiwa cha Man, ninakoishi na kufanya kazi ya uuguzi, hakuna aliyekuwepo kwenye shughuli. Wiki tatu zilizopita mume wangu amepewa ukaazi wa kudumu hapa, baada ya miaka mitano ya kungoja na kukusanya karatasi. Nataka kueleza nilichokiona katika miaka hiyo, kwa sababu kila nikikifikiria nakuta kinanirudisha nyumbani.

Kwa wasiokijua, kisiwa hiki kiko baharini kati ya Uingereza na Ireland. Kina kilomita za mraba 572, kama theluthi ya Unguja, na watu wapatao 84,000. Si sehemu ya Uingereza, ingawa kiko chini ya Mfalme. Kina bunge lake, Tynwald, ambalo mwaka 1979 liliadhimisha miaka 1,000. Hata Mwingereza wa ng'ambo ya pili, akitaka kuja kufanya kazi hapa, kwa kawaida huhitaji kibali cha kazi cha kisiwa. Mzanzibari hahitaji kuelezwa mara mbili maana ya kisiwa kuwa na mambo yake. Ila kuna tofauti moja kubwa: wao kanuni za uhamiaji zinapita kwenye bunge lao, na sisi uhamiaji na uraia ni mambo ya Muungano. Kwa hiyo nitakayoyalalamikia huko mbele si ya visiwani peke yetu, ni ya Tanzania nzima.

Mimi nilikuwa nimeshapata ukaazi kwa njia ya kazi, na pasipoti yangu ni ya Tanzania mpaka leo. Mume wangu alikuja kwa viza ya mwenza, ikaongezwa muda, akafanya mtihani wa Kiingereza, kisha ndipo tukaomba ukaazi wa kudumu. Mtihani haukumsumbua. Kilichotutoa jasho ni kuthibitisha kwamba tunaishi pamoja, nyumba moja, kama mke na mume, miaka yote ile.

Faili letu lilikuwa la plastiki, la buluu, linakaa juu ya kabati la vyombo. Humo kulikuwa na cheti cha ndoa na tafsiri yake yenye muhuri, mahari ikiwa imetajwa kwa shilingi. Kulikuwa na bili za umeme na mikataba ya nyumba. Bili za mwanzo zilikuwa na jina langu tu, maana wakati naingia nyumba ile nilikuwa peke yangu, na sikujua kama ipo siku jina juu ya bili litakuja kuwa na uzito kuliko pete. Benki moja ilichukua miezi minane kuliingiza jina lake kwenye akaunti yangu. Walitaka uthibitisho wa anwani yake, na uthibitisho waliokuwa tayari kuukubali ulimtaka awe na akaunti kwanza. Miezi minane! Nilikuwa natoka zamu ya usiku naingia benki na macho mekundu.

Ikabaki barua moja ya mwaka wa pili yenye jina lake na anwani yetu, ya miadi ya daktari wa meno. Tuliitafuta nyumba nzima. Tukaikuta kwenye droo ya jikoni, na nyuma yake mume wangu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: vitunguu, nazi ya kopo, sabuni ya unga, dawa ya kifua ya mama nanihii, yaani mimi. Tuliipeleka vilevile. Nilitamani sana mtu atakayelipokea faili aigeuze ile karatasi, kwa sababu ndoa yetu ilikuwa upande ule.

Hilo ndilo linalonikera katika utaratibu wa huku. Unasoma upande mmoja wa karatasi, na yale ambayo sheha angeyajua kwa kupita tu mlangoni hauna mahali pa kuyaandika.

Lakini kuna jambo lazima niliseme kwa haki. Mimi ni mwanamke, nimemleta mume, na sikuulizwa hata mara moja kwa nini si yeye aliyenileta mimi. Mfanyakazi mwenzangu, mwanamume wa Kifilipino, alimwombea mkewe karibu kipindi hichohicho, na fomu yetu ilikuwa moja, maswali mamoja, miaka mitano ileile. Kisiwa hiki mwaka 1881 kiliwaruhusu wanawake wenye mali kupiga kura, wakati Uingereza yenyewe ilingoja hadi 1918 kwa uchaguzi wa bunge. Sisemi ndiyo sababu, ila sikushangaa nilipojua.

Sasa turudi nyumbani. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyemuoa Mtanzania hana mlango huo. Anapita njia ya kila mgeni: miezi 12 mfululizo nchini kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia awe ameishi jumla ya miaka saba. Kumuoa binti yetu hakumpunguzii hata siku moja.

Mtoto wa mama yangu mdogo ameolewa na Mngazija, raia wa Komoro. Wana watoto watatu, wote wanasoma skuli ya mtaani kwetu, na yeye akiadhini alfajiri watu wanamjua kwa sauti. Mtaa unamwita shemeji. Kwenye sheria ni mgeni mwenye kibali, na kibali kina tarehe ya mwisho.

Nikilisema hili kwa jamaa, jibu ni lilelile: mkifungua mlango huo, wanaume watakuja kuoa kwa ajili ya uraia. Naielewa hofu hiyo, na huku wanayo vilevile. Wao wameijibu kwa kumpima kila mtu kwa muda na kwa ushahidi, awe mke au mume. Sisi tumeijibu kwa kuwashuku waume wa binti zetu na kuwaamini wake wa wana wetu, kama kwamba mwanamke hawezi kudanganya na mwanamume hawezi kupenda. Tuweke miaka mitano, tuweke saba tukitaka, waulizwe masheha na majirani, ambao ni mashahidi kuliko bili yoyote ya umeme. Ila iwe kwa wote.

Juzi nilimpigia binamu simu kumpa habari njema. Alifurahi kweli, akapiga kigelegele, kisha akanyamaza kidogo na kuniuliza barua za namna gani tulipeleka. Kibali cha shemeji kinaisha mwezi wa sita. Nimempigia picha faili la buluu, ukurasa kwa ukurasa, nikamtumia.