Adabu Zangu na Nguruwe Thelathini

Kazi yangu ni kutembeza watalii Saadani. Kila asubuhi, kabla boti haijaingia mto Wami, wageni wangu nawasomea sheria mpaka wanapiga miayo: usitupe taka, usimpige mtu picha bila ruhusa, usiguse usichokijua. Basi nilipopelekwa Madrid kwa mafunzo ya miezi mitatu, na mwishoni nikabakiwa na siku nne za kwangu, niliapa kwamba Wahispania watamwona mtalii mwenye adabu zake. Wataandika wimbo.

Ufukweni sikwenda, huko wamejazana kama dagaa kwenye tenga. Nikapanda basi kwenda Extremadura, mpakani na Ureno. Mkoa wa Tanga ungeingia humo na nafasi ikabaki, lakini watu wake ni kama milioni moja tu. Basi likienda unaona miti, mawe na mbingu, halafu miti tena, mpaka unamtazama dereva mara mbilimbili. Kijiji nilichofikia kilikuwa na kanisa lenye viota vya korongo mnarani, baa moja, na wazee wengi. Nikamwamkia kila niliyekutana naye, kwa Kihispania cha kuokoteza. Bibi mmoja nilimuuliza habari za nyumbani, akanipa mpaka za goti lake la kushoto.

Kesho yake nikatoka kutembea na mfuko wa plastiki ili niokote taka njiani. Ulikuwa mfuko wa kelele: ukiugusa tu, chwa-chwa-chwa! Mfuko huo tutaurudia.

Nyanda zile wenyewe wanaziita dehesa. Ni malisho yaliyotapakaa miti ya mialoni, mmoja hapa, mwingine kule, kana kwamba imegombana. Iko aina inayobanduliwa gome la kutengenezea vizibo vya chupa, na ikishabanduliwa haiguswi tena mpaka ipite angalau miaka 9. Shinani wameandika tarakimu ya mwaka waliobandua. Nikasimama hapo nikatikisa kichwa kwa heshima. Sisi embe tu hatulisubiri liive.

Nikafika kwenye geti lenye bango: tafadhali funga. Nikafunga, nikalivuta kuhakikisha. Mbele, baada ya lambo la maji, geti la pili. Hili halikuwa na bango, lilikuwa wazi, limefungwa kwa kamba kwenye mti ili lisirudi. Mtu mwenye akili angejiuliza nani kafunga ile kamba na kwa nini. Mimi nikasema, "Watu wengine bwana, hawana ustaarabu," nikafungua fundo, nikapita, nikalibana geti vizuri nyuma yangu. Nilijiona mwema hata mwendo ukabadilika.

Nisichokijua ni kwamba Novemba ndio msimu wa nguruwe wao weusi, wale wa nyama ya bei mbaya. Wanaachiwa huko mialoni wale bellota, zile kokwa zenye kofia, na wanenepe. Kanuni zao hazitaki hata nguruwe wawili kwa hekta moja, ndiyo maana sikumwona hata mmoja. Nao maji yao yalikuwa kwenye lile lambo. Upande wa pili wa geti langu.

Saa tisa kasoro narudi, nasikia makelele ya kama harusi iliyoingiwa na nyuki. Nguruwe thelathini wamejazana getini. Mimi mtoto wa Pangani, nimesomea chuoni kwa maalimu, jamii ya nguruwe niliyoizoea ni ngiri wa Saadani tu, naye namwona nikiwa ndani ya gari. Nikajipenyeza kandokando ya uzio, nimebana pumzi na suruali, nikafungua. Wakapita kama mafuriko, wakanywa. Alhamdulillahi, nikajiondokea taratibu.

Chwa-chwa-chwa.

Vichwa thelathini vikainuka. Kumbe mlio wa mfuko kwao ndio mlio wa chakula! Nikaongeza mwendo, wakaongeza. Nikakimbia, wakakimbia, na nguruwe mnene ana mbio, msidanganywe na tumbo. Kuutupa mfuko sikuweza: mimi nitupe taka? Kwenye geti la kwanza, lile lenye bango, nikapita kama risasi, na hilo sasa, ndugu zangu, ndilo nililoliacha wazi.

Tukaingia kijijini saa tisa na nusu, saa ya siesta, usingizi wao wa mchana, wakati ambao nilijiapiza hata kikohozi nitakimeza. Mmoja akaudaka mfuko, ukapasuka, makopo yakaviringika mtaa mzima wa mawe. Madirisha yakafunguka. Akatoka mzee, kandambili mguu mmoja.

Kwa kihoro nikatamka, "Shikamoo, babu!"

Akanitazama, akawatazama nguruwe wake, akajibu neno ambalo nina hakika si marahaba. Kisha akachukua ndoo, akaigonga mara mbili, akapiga mluzi. Wote wakageuka wakamfuata kama wanafunzi waliosikia kengele. Mimi nikabaki naokota makopo yaleyale kwa mara ya pili.

Jioni akaja mwenyewe kuniita nyumbani kwake nikale. Mkewe akaniletea paja la nguruwe lililokaushwa, nikashukuru kwa mkono kifuani. Akaleta migas, makombo ya mkate ya kukaanga: yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Akaleta biskuti. Nikauliza kwa adabu, kumbe na biskuti nazo! Mwisho akaweka Torta del Casar, jibini ya maziwa ya kondoo inayogandishwa kwa maua ya jamii ya mbigili, laini mpaka unaikata kofia ukachovya mkate. Nikaisafisha hadi ganda. Wakati huo mjukuu kanipiga picha kumi na mbili, bila ruhusa, na sikuwa na uso wa kulalamika.

Asubuhi nikienda kupanda basi nilipitia kule. Kwenye geti la pili kamba imerudi, na chini yake kibao kipya, rangi bado mbichi: USIGUSE. Kilikuwa kwa Kiingereza. Na kijijini pale mgeni nilikuwa peke yangu.